Tawi Lililobanwa

Mzee Kimya alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Alifanya kazi chumba cha maiti cha hospitali kuu mpaka akastaafu, na labda huko ndiko alikolimbikiza maneno, maana wateja wake hawakuwa na la kujibu. Sasa aliyamwaga mitaani bure.

Asubuhi hiyo aliingia karakana ya Fundi Masizi na sufuria lililotoboka kitako, akaketi juu ya rundo la vyuma chakavu bila kukaribishwa.

"Fundi, huyu mgonjwa anatibika?"

"Hatibiki. Anayeyushwa, anasubiwa upya."

"Kumbe una nafuu kuliko madaktari! Wao wakishindwa wanaleta kwangu, wewe ukishindwa unazaa mwingine."

Fundi Masizi hakucheka. Tangu afiwe na mke, kucheka aliwaachia wenye nafasi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku cha mbao kilichojaa mchanga mweusi, akiushindilia kuzunguka sufuria la mfano. Hiyo ndiyo kazi yake. Unalizika sufuria zima kwenye mchanga, unashindilia, unafungua kisanduku, unalichomoa taratibu, na pale lilipokuwa panabaki uwazi wenye umbo lake. Uwazi huo ndio kalibu. Unaumiminia alumini iliyoyeyuka, ikipoa unavunja mchanga, na sufuria jipya hilo mbele yako, bado lina joto. Hakuyasoma hayo popote. Shule aliipitia tu, kama mtu anayekatiza uwanja wa watu.

"Na wale wa chuo cha udaktari wanasubu kama wewe," Mzee Kimya aliendelea, akijipepea na kofia. "Ila wao wanamimina plastiki. Ule moyo wa marehemu wako, kwa mfano, si umetoka safi sana? Mishipa yote, hadi vijitawi kama nywele. Ukiuona kwenye lile kabati la kioo utasema..."

Mkono wa Fundi ulisimama juu ya mchanga.

"Moyo wa marehemu wangu yupi?"

"Si mkeo? Wee! Hawakukwambia?"

"Kuniambia nini, mzee?"

Hapo, kwa mara ya kwanza, mzee alistahili jina lake. Alitazama sufuria lake, akatazama mlango. Lakini karakana ilikuwa na mlango mmoja, na Fundi alikwisha simama kati yake na mlango huo, mkononi ana kijiti cha kushindilia. Basi mzee akasema. Kwamba siku ile mkewe alipoletwa, madaktari walimpasua kutafuta sababu, na hilo Fundi alilijua. Asilolijua ni kwamba waliuona moyo una ajabu ndani yake, wakautoa, ukapelekwa chuoni. Aliyetia sahihi ni bosi wa hospitali mwenyewe. Mwili ukashonwa vizuri, ukakabidhiwa kwa ndugu.

"Mimi nilishona tu, Fundi. Nilidhani mmeelewana."

"Kwa hiyo nimemzika bila moyo."

"Si peke yake, ndugu yangu. Ungejua tumezika wangapi..."

"Toka. Sufuria utalikuta kesho."

Mzee alitoka mbio kuliko umri wake. Lakini mdomo ni mdomo, akageukia mlangoni: "Na siku ya kuzindua ile mashine waliuweka mezani, uzuri wake! Mgeni rasmi akaushika, akapigwa picha."

Ile mashine. Fundi aliketi pale mzee alipokuwa ameketi.

Mkewe alikuwa mfagiaji wa ngazi katika jengo la maofisi, ghorofa juu ya ghorofa. Lifti ilikuwepo, lakini ilikuwa ya wenye tai. Wenye ndoo walipanda kwa miguu. Akaanza kusema kifua kinambana akipanda, na akisimama kidogo kinaachia. Hospitali kuu wakamminya tumbo, wakampa vidonge vya gesi. Akarudi, wakampa vya gesi vyenye rangi nyingine. Mpaka daktari mmoja kijana, ambaye baadaye walimhamisha, akasema mama huyu apigwe picha ya mishipa ya moyo, na mashine ya kazi hiyo ipo, mpya kabisa. Ilikuwepo kweli. Fundi aliiona kwa macho yake kupitia mlango ulioachwa nusu wazi, imetulia kama bibi harusi, imefunikwa nailoni na kufungwa utepe mwekundu. Haikuruhusiwa kuguswa mpaka mgeni rasmi aje kukata utepe. Mgeni rasmi alikuwa safarini. Aliporudi alikuwa na vikao. Vikao vilipokwisha ikabidi zulia lishonwe upya, lile la kwanza halikuwa jekundu vya kutosha. Mkewe akafia kwenye ngazi, ndoo imepinduka, maji yakashuka kidato kwa kidato mpaka kwa mlinzi wa chini, na ndivyo walivyojua.

Na sasa anaambiwa huyo mgeni rasmi, baada ya kukata utepe, aliushika moyo wa Bibie. Bibie ndivyo alivyokuwa akimwita wakiwa wawili. Hata kwenye msiba hakulitamka jina hilo mbele za watu.

Alijua anachotaka. Aurudishe moyo, auzike alipo mwenyewe. Basi.

* * *

Lango la chuo lilikuwa na mlinzi kijana mwenye sare iliyomzidi mabega.

"Mzee, una miadi na nani?"

"Nina mke humu."

"Anafanya kazi idara gani?"

"Hafanyi kazi. Yuko kabatini."

Mlinzi alicheka, akamwangalia usoni, akaacha kucheka. Alimpeleka mwenyewe mpaka mlango wa mama mmoja ambaye wote walimwita Profesa.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa mtu wa kugombana naye. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, makali yakitangulia. Akamkuta mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, anakula karanga kutoka kwenye droo. Hilo lilimkera zaidi. Mtu wa kugombana naye anatakiwa angalau awe amevaa vizuri.

"Karibu, baba."

"Sijaja kukaribishwa. Nimefuata moyo wa mke wangu."

Akaeleza, kwa sauti ya kutosha kusikika koridoni. Profesa hakumkatiza. Alifunga droo, akajifuta vidole.

"Sheria iliruhusu hospitali kuamua," alisema mwishowe, na kwa jinsi alivyolisema ilionekana hata yeye halimkolei. "Bosi wao alitia sahihi."

"Alitia sahihi ya moyo wa mke wangu. Yeye alimwoa lini?"

Profesa alichukua funguo.

Chumba kilikuwa kirefu na baridi, kikinuka dawa inayochoma pua. Fundi alitazamia chupa, na ndani ya chupa nyama. Usiku kucha alijikaza kwa ajili ya nyama hiyo. Profesa akasimama mbele ya kabati la kioo la mwisho na kuwasha taa yake. Ndani mlikuwa na kimti. Kimti kisichozidi ngumi, kimening'inizwa kwa waya, matawi upande mmoja mekundu, upande mwingine ya manjano, yamejikunja kuelekeana kama vidole vinavyokinga moto usizimike. Katikati hamkuwa na kitu.

"Moyo uko wapi?"

"Hii ndiyo mishipa yake, baba. Ile inayoulisha..."

"Nimeuliza moyo, mama. Sikuuliza mishipa."

Profesa alivaa miwani, akaivua.

Fundi aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Aliona mng'ao wa kitu kilichomiminwa. Aliona pale mlango wa kumiminia ulipokatwa na kusuguliwa kwa msasa. Alikuwa ameyasugua hayo maisha yake yote.

"Mlimimina," alisema.

"Tulimimina. Plastiki ya maji, kupitia midomo ya mishipa."

"Ikapoa."

"Ikagandia ndani."

"Na kalibu mliifanyaje?"

Aliuliza huku jibu analijua, kama mtu anavyouliza nani anagonga. Profesa alisema polepole kwamba nyama iliwekwa kwenye asidi mpaka ikaisha, kwa maana bila hivyo mishipa haionekani.

"Mchanga wangu ukivunjika naushindilia tena," alisema Fundi. "Huyu nitamshindilia na nini?"

Profesa aliondoa kioo cha kabati, akakishusha kimti na kukiweka mezani juu ya kitambaa. Halafu akafanya alichokijua, akafundisha, ila safari hii kwa sauti ya chini.

"Watu wanadhani moyo unajinywea damu iliyo ndani yake. Haunywi. Hiyo inapita tu, inasukumwa kwenda kwa wengine. Ukuta wa moyo ni nyama nene, lazima upelekewe damu yake kama mkono au mguu unavyopelekewa."

"Kama mpagazi wa magunia ya unga anayelala njaa."

"Hasa. Damu ikitoka moyoni inaingia mshipa mkuu. Hapohapo mwanzoni, juu ya vali inayofunga mlango wa moyo, kuna matundu mawili madogo. Ndimo chakula cha moyo kinamopita. Kulia linatoka tawi hili la manjano, linazunguka upande wa kulia na kwenda kulisha nyuma, chini. Kushoto, kwa kawaida, linatoka shina hili jekundu, fupi, kisha linagawanyika. Tawi moja linashuka mbele mpaka nchani, lingine linazunguka kwenda nyuma. Sehemu kubwa ya kazi ya moyo inategemea hili shina jekundu. Na moyo ukijikaza, unajibana mishipa yake wenyewe. Unakula zaidi ukilegea."

"Kumbe nao unasubiri kazi iishe." Fundi alimkumbuka Bibie akisimama jikoni kwenye kilango, sahani mkononi, wengine wamekwisha kula. Akalifukuza wazo hilo. "Sasa ajabu yake iko wapi?"

Profesa alionyesha kwa ncha ya penseli, bila kugusa.

"Angalia mahali shina jekundu linapoanzia. Lilitakiwa litoke huku kushoto. Lake limetoka kulia, jirani na la manjano, ndiyo maana likalazimika kukatiza kurudi kwao. Limekatizia pabaya, katikati ya mshipa mkuu na ule unaokwenda mapafuni. Hii miwili mtu akipanda ngazi inavimba, na hili liko katikati."

Akaliona. Kote shina lilikuwa la duara, zuri. Pale lilikuwa bapa, kama bua lililokanyagwa. Kipande cha urefu wa ukucha.

"Alizaliwa nalo?"

"Alizaliwa nalo."

"Ile mashine ingeliona?"

Profesa aliishusha penseli. "Ingeliona."

"Na likionekana?"

"Wanafungua, wanalihamishia mahali pake. Si kazi nyepesi, lakini inafanyika."

Fundi alinyoosha mgongo. Pembeni ya kabati kulikuwa na kadi iliyochapwa. Alimwomba amsomee, herufi zilikuwa ndogo. Profesa akasoma: mwanamke wa makamo, kifo cha ghafla, kasoro ya kuzaliwa ya mshipa wa kushoto, kasoro adimu sana.

"Kwa hiyo wanafunzi wakija wanaambiwa kosa ni lake. Alizaliwa vibaya."

"Hatusemi kosa..."

"Ongeza hapo, mama: mashine ilikuwepo, ilikuwa imefungwa nailoni, inamsubiri mkata utepe. Andika hivyo, nami nitamwacha hapa. Naapa. Atafundisha watoto wenu mpaka siku ya mwisho."

Ilikuwa biashara ya haki, na wote wawili waliliona hilo. Mama yule aliitazama kadi muda mrefu. Nje mwanafunzi mmoja alicheka, mlango ukabamizwa.

"Siwezi," alisema. "Wanafunzi wangu wanajifunzia hospitali ya yule bosi. Nikiandika hivyo, kesho nafunga idara."

"Basi nifungie kwenye kitambaa."

Alidhani atabishiwa. Mama akatoa boksi la viatu chini ya meza, akalijaza pamba, akakilaza kimti kwa mikono miwili.

"Nitasema kimevunjika," alisema. "Vinavunjika kirahisi sana. Kibebe kama yai, baba."

* * *

Dada mkubwa wa marehemu alikuwa amekwisha kaa kwenye kibao cha karakana Fundi aliporudi, mkoba mapajani. Alipopata habari kwa Mzee Kimya, aliacha nguo kwenye beseni.

"Umempata?"

Fundi akafungua boksi. Shemeji yake akachungulia, akarudi nyuma.

"Hii nini, shemeji?"

"Ndiyo waliyobakiza."

"Hii plastiki! Mimi mdogo wangu hakuwa plastiki. Umekwenda kudai moyo wamekupa pambo la televisheni, nawe ukasema asante?"

"Sikusema asante."

"Afadhali hilo." Alijifuta macho kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi. "Unataka tuzike hiki? Tumwambie nini, tumekuletea uchafu wa wenye chuo?"

Lile neno lilimpata Fundi. Mle ndani hamkuwa na hata chembe ya Bibie. Palikuwa na umbo la mahali damu yake ilipopita. Mwili ulikuwa kalibu, na kalibu imekwenda na maji. Akafikiri hivyo, na mkono wake ukaanza kufikiri kivyake, kama ulivyozoea. Mtu akikuletea sufuria bila kalibu, unafanyaje? Unalizika sufuria kwenye mchanga. Mchanga unakupa kalibu.

Alichukua kisanduku kidogo, cha kusubia vifuniko, akachekecha mchanga ulio laini kuliko wote.

"Unafanya nini?" shemeji aliuliza.

"Namtafuta."

Alikilaza kimti juu ya mchanga, akanyunyiza mwingine, akashindilia kwa kidole badala ya kijiti, tawi kwa tawi. Alikuwa anajua. Kila fundi wa kusubu anajua kwamba kitu chenye mikono iliyojikunja hakichomoki mchangani kikaacha umbo zima. Mwanafunzi wa siku mbili angemcheka. Alifunga kisanduku, akakifungua, akakishika kimti pale kwenye shina, akavuta polepole huku amezuia pumzi. Alitaka auone mara moja tu, uwazi wa Bibie, wenye ukuta pande zote. Asimimine kitu. Auone tu.

Mchanga ulibomoka. Na kabla haujamaliza kubomoka, alisikia kitu kikilia kwenye vidole vyake, sauti ndogo kama ya njiti ya kiberiti.

Shemeji yake alishika mdomo.

Kimti kilitoka kizima, isipokuwa mahali pamoja. Lile bapa lilikuwa limekatika pande zote mbili na kubaki peke yake mchangani, jekundu, dogo. Kimti sasa hakikuwa na kasoro. Ukikitazama hivi, shina hapa na matawi pale, ungesema ni mishipa ya mtu mwenye afya njema, na kwamba aliyekufa kwenye ngazi alikufa kwa kupenda.

"Nenda kachukue jembe kwa jirani," Fundi alisema.

"Shemeji, nilisema kwa uchungu, mimi..."

"Ulisema kweli. Lakini ndicho tulicho nacho."

Kesho yake asubuhi walikwenda kaburini, jua halijawa kali. Fundi alichimba upande wa kifuani, si sana, kwa mikono tangu udongo ulipoanza kuwa na unyevu. Shemeji alikivua kitambaa chake cha kichwa, akakifungia kimti humo, akakishusha yeye mwenyewe. Hakusema tena kuwa ni plastiki. Walipomaliza kufukia alianza kulia kwa sauti, na Fundi akasimama kando, mkono mfukoni, kidole kikipapasa kipande cha urefu wa ukucha.

* * *

Ofisi ya bosi wa hospitali ilikuwa ghorofa ya juu. Katibu wake alikuwa na kucha ndefu na subira fupi.

"Bosi yuko kwenye kikao, mzee."

"Nitasubiri."

"Kikao ni kirefu."

"Mimi sina haraka, mwanangu. Mwenye haraka alikuwa mke wangu."

Katibu akashindwa aandike nini, akamwonyesha benchi. Ukutani juu ya benchi ilitundikwa picha kubwa ya siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi katikati, mkasi bado mkononi. Kando yake bosi anatabasamu. Na mezani mbele yao, kwa udogo, kitu chekundu na cha manjano ambacho asiyejua angedhani ni maua. Fundi aliitazama mpaka mlango ukafunguliwa.

Walitoka kwa kundi, wageni wenye tai, wakicheka kicheko cha watu waliokubaliana. Bosi alikuwa mbele, mkono wake umekwisha nyooka kwa yeyote atakayekuwa njiani, kama wakubwa wanavyosalimia, macho yakiwa kwingine.

"Mzee, habari za siku!"

Fundi aliupokea mkono ule kwa mikono yake miwili iliyounguaungua, akaubana. Alipouachia, bosi alisimama. Alikifungua kiganja.

"Hiki ni nini?"

Wageni nao wakasimama. Katibu akanyanyua shingo.

"Ni kilichombana mke wangu akafa," alisema Fundi, bila kupaza sauti. "Mashine yako ingekiona, kama ingekuwa imefunguliwa. Ulitia sahihi moyo wake uchukuliwe. Vingine nimevizika. Hicho ni chako."

Bosi alitazama kiganja, akatazama wageni. Akatafuta kwa macho mahali pa kukiweka. Kapu la taka lilikuwa hatua chache, lakini watu wote wale walikuwa wanatazama mkono wake. Mfuko wa koti ulikuwa karibu zaidi, na hakuthubutu. Alibaki hivyo, kiganja wazi, kama mtu aliyeombwa achangie.

"Lakini mzee, wewe ni nani hasa?"

Fundi alikuwa amekwisha geuka. Lifti ilikuwa imefunguliwa, mhudumu ameizuia kwa mguu kwa ajili ya wakubwa. Aliipita, akashika njia ya ngazi, akashuka.